Pampu ya Lempi na Vikombe Saba

Naapa kwa roho ya marehemu mama yangu, kwa pensheni yangu, na kwa meno yangu manne yaliyobaki upande wa kulia, kwamba haya ninayoyasimulia ni kweli tupu, sikutia chumvi hata punje. Anayebisha akamuulize Oiva, jirani yangu wa upande wa msituni. Oiva akikanusha, ujue ni wivu tu, maana katika habari hii mimi ndiye niliyefanya makubwa. Yeye alishika msumeno.

Jina langu Tauno. Kwa miaka thelathini na sita niliendesha gari la kusukuma theluji katika wilaya yetu, na mpaka leo wapo wanaosema barabara zilikuwa pana zaidi zamani zangu. Shule ya ufundi sikwenda. Mambo ya mitambo nilijifundisha mwenyewe: unafungua kitu, unakishangaa, unakifunga, na ukibakiwa na skrubu mbili mkononi unazitia kwenye kopo na kunyamaza.

Lempi ni jirani yangu wa upande wa ziwani. Ana miaka sabini na tisa, mwembamba kama mpini wa reki, na ulimi wake haujawahi kuhitaji tupa. Nyumba yake ya mbao aliijenga marehemu mumewe, na ilikuwa ikipashwa joto na boila la kuni lililoko chini, chumba cha ardhini. Ngazi kumi na nne kushuka na kuni, ngazi kumi na nne kupanda mikono mitupu. Majira ya baridi ya mwaka juzi aliteleza kwenye ngazi ya tisa. Alilala pale chini saa mbili nzima, nyonga imevunjika, mpaka mleta barua aliposikia mtu anatukana kutoka ardhini.

Tangu siku hiyo binti yake, Marjukka, hakulala vizuri. Marjukka anaishi mjini, mwendo wa saa tatu kwa gari, na kazi yake ni kukagua mizani za maduka na mashine za vituo vya mafuta, aone kama zinasema kweli. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia "kama kilo hivi." Atakuuliza, kama au kilo?

Januari alikuja na karatasi. Tulikuwa jikoni kwa Lempi, sisi watatu, kahawa mezani.

"Mama, nyumba yenyewe hii hapa," akasema. "Ghorofa ya tatu. Ina lifti, ina joto, ina watu mlango wa pili. Wamekubali kunishikia mpaka Jumapili ya kwanza ya Machi, saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo wanampa mwingine."

Lempi akaitazama picha kwa mbali, kama mtu anayetazama bili ya mwenzake. "Na ziwa liko dirisha gani?"

"Hakuna ziwa, mama. Kuna maegesho."

"Kwa hiyo nitakuwa nakaa naangalia magari yakivua samaki."

"Mama, ulilala saa mbili kwenye zege!"

Lempi akageuza kikombe chake kwenye kisahani, akakigeuza tena. Mimi nimemjua yule mama miaka hamsini, na sikuwahi kumwona akikosa la kusema. Ndipo mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Shida ni kuni, siyo nyumba," nikasema. "Ondoa kuni. Funga pampu ya joto, ile ya kutoa joto ziwani."

"Ziwani?" Marjukka akanigeukia. "Januari?"

"Chini ya barafu maji hayagandi, binti yangu. Yana nyuzi tatu, nne. Unalaza bomba refu huko chini, unazungusha ndani yake maji yaliyochanganywa na spiriti yasigande, yanakuja na kile kijoto kidogo. Mashine iko ndani ya nyumba, inakibana kile kijoto mpaka kinapiga kelele, inakipeleka kwenye rejeta za ukutani, vile vyuma vya kupasha vyumba joto. Ni friji iliyogeuzwa nje ndani. Mama yako atabonyeza kitufe, basi."

"Wewe umeshazifunga ngapi?"

"Kumi na moja," nikasema.

Ni kweli tupu, ukihesabu na zile nilizozifunga kichwani nikisoma vitabu vya maelekezo.

Marjukka akanitazama kama anavyotazama mizani. Kisha akamwambia mama yake: "Haya. Nikija Jumapili hiyo nikute ndani kuna nyuzi ishirini na moja, na hujabeba hata kijiti, nitawapigia simu nikatae ile nyumba. Nisipokuta, tunafunga masanduku siku hiyohiyo. Sitaki machozi, sitaki hadithi." La mwisho alilisema akinitazama mimi.

"Tauno," Lempi alisema binti alipoondoka, "kama ni maneno matupu, niambie sasa hivi. Nianze kuaga."

"Mama Lempi, aga kuni."

Mashine ililetwa wiki ya pili ya Februari: kabati jeupe, refu kunishinda mimi, kilo mia na sitini. Lori likaliacha barabarani kwa sababu dereva aliiona njia ya Lempi na theluji yake akasema ana watoto. Basi nikaleta sleji yangu ya kusukuma kwa mguu, ile yenye kiti mbele na vyuma viwili virefu chini, ambayo bibi zetu wote huendea dukani. Tukaikalisha mashine kwenye kiti, tukaifunga kamba kama bibi harusi, mimi nikasimama nyuma. Sasa sikiliza. Pale mteremkoni sleji ikanitoroka na mimi nikiwa juu yake. Tukapita ghala, tukazunguka kibanda cha sauna, kile cha kuogea mvuke, mara mbili, Oiva anakimbia nyuma akipiga yowe, na mwisho tukaingia mlango wa nyuma wenyewe, taratibu, mpaka chumba cha kufulia, tukasimama ukutani pale pale nilipochora alama kwa penseli. Oiva atakwambia tuliisukuma saa nzima na tukang'oa fremu ya mlango kwa sababu ulikuwa mwembamba kwa vidole viwili. Mwache aseme.

Nikaiweka juu ya miguu yake ya mpira, nikaisawazisha kwa pima maji mpaka tone likakaa katikati. Nikatoboa msingi wa jiwe matundu mawili ya kupitisha bomba la ziwani, moja la kwenda, moja la kurudi. Mabomba ya rejeta nikayakata kutoka kwenye boila la kuni na kuyaunga kwenye mashine, kila kiungo nikakikaza, nikakifuta, nikakipapasa kwa kidole kikavu. Hakuna hata tone. Hilo Oiva mwenyewe alilikubali, na kumfanya Oiva akubali kitu si kazi ndogo. Umeme sikuugusa, aliitwa fundi mwenye leseni, kwanza sheria ndivyo inavyotaka, pili mimi na umeme tuligombana mwaka wa themanini na tatu na hatujapatana.

Ikabaki kazi ya ziwani. Bomba la ziwani kwetu hulazwa wakati wa barafu, maana barafu ni sakafu: unaweza kutembea juu ya maji na kulinyoosha bomba lako mahali unapotaka, kisha unaikata sakafu na kulizamisha. Lakini si kazi ya mtu mmoja. Hiyo ni kazi ya talkoot, ujima wa jirani, ambapo hakuna anayelipwa na hakuna anayekataa, na mwenye nyumba anajua wajibu wake: kulisha watu na kuwapa kahawa.

Jumamosi ya tatu ya Februari tulikuwa saba juu ya barafu: mimi, Oiva, na wanaume wengine watatu na wanawake wawili wa kijijini, wote wastaafu, jumla ya miaka mia tano na nyonga tatu za chuma. Baridi ilikuwa nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri. Ilikuwa kali hata moshi wa boila la Lempi ulichungulia nje ya dohani, ukaona hali, ukarudi ndani. Jua lakini lilikuwa limewaka, na barafu ilikuwa safi kama kioo; Oiva alivua kofia akachana nywele zake.

"Nywele zipi?" nikamuuliza.

"Ziko pamoja na zile pampu zako kumi na moja," akajibu.

Tukalinyoosha bomba, mita mia nne, tanzi kubwa la kwenda na kurudi. Tukalifunga vizito vya zege kila baada ya mita mbili. Oiva akapita na msumeno wa injini akikata mfereji kwenye barafu nene kuliko urefu wa mkono, sisi nyuma yake tukitoa vipande kwa kulabu. Saa saba na nusu mchana bomba lilikuwa limelala juu ya maji meusi ya mfereji, linaelea, kwa sababu lilikuwa na hewa tupu. Bomba la hewa halizami. Unalijaza ule mchanganyiko wa maji na spiriti, linazidi kuwa zito, linashuka lenyewe.

Pipa la kujazia lilikuwa ufukweni, na pampu ndogo ya kujazia kando yake. Tulipomimina ile spiriti, lita mia moja na ishirini, watu walisimama kama mazishini. Imetiwa uchungu makusudi, hainyweki, sote tunajua. Hata hivyo Oiva alivua kofia tena, na safari hii si kwa kuchana nywele.

"Bomba lina bahati," akasema.

"Bomba halina mke," mmoja akamjibu, tukacheka mpaka barafu ikacheka chini yetu.

Kazi ya pipa nilijipa mwenyewe, kwa sababu ndiyo kazi yenye akili. Sheria ni moja tu: usiliache pipa likauke. Pampu inanyonya kutoka pipani. Pipa likiisha, inanyonya hewa, na hewa ikiingia kwenye bomba la ziwani ni sawa na kumpulizia mtu kwenye mshipa. Kwa hiyo unasimama pale, unaongeza, unaangalia, unaongeza.

Saa nane kasoro robo Lempi alitoka barazani na kugonga kifuniko cha sufuria. "Kahawa!"

Sasa mtu wa kwetu anaweza kukataa cheo, anaweza kumkataa mchumba. Kahawa ikishaitwa haikataliwi. Msumeno ulilazwa chini, kulabu zikaachwa zimesimama kwenye theluji. Lempi alikuwa ameoka mikate mitamu ya iliki, ile iliyoviringwa na kubanwa ubavuni, na harufu yake iliteremka mpaka ufukweni ikatushika kola. Wote sita wakapanda.

Mimi nikabaki na pipa.

Nikabaki peke yangu, ninasema, mtu wa wajibu, na ndipo yalipotokea. Bomba lilikuwa linazama vizuri, mita baada ya mita, mara nikaona upande wa mbali limesita. Likavutwa. Likaachiwa. Likavutwa tena. Nikalala kifudifudi nikachungulia mferejini, na huko chini nikamwona hauki, yule samaki wetu mwenye mdomo kama wa mamba, kilo kumi na tisa, mzee, mgongo una kuvu, ameling'ata bomba letu kama mbwa anavyong'ata mguu wa suruali. Nikampigia kelele. Akanitazama. Nikamtupia kizito cha zege, akakikwepa kwa dharau. Tulishindana dakika ishirini, mimi nikivuta kamba huku, yeye huko, mpaka akachoka akaondoka zake, na alipokuwa akienda alilikokota bomba akalilaza mahali penye kina kuliko tulipopachagua sisi. Wenzangu waliporudi wakipangusa makombo, bomba lilikuwa limezama lote. Nikazima pampu na kufunga vali. Wakanipigia makofi.

Jumatatu fundi umeme akaunganisha nyaya, nikabonyeza kitufe. Kompresa ikanguruma kwa sauti ya paka aliyeshiba. Jioni rejeta zilikuwa za moto. Jumanne nyumba ilikuwa na nyuzi ishirini na moja na nusu, na Lempi alizunguka chumba hadi chumba akiweka kiganja kwenye rejeta, moja moja, kama anayebariki wajukuu. Mlango wa kule chini kwenye boila akaufunga, ufunguo akautundika msumarini.

"Tauno," akasema, "nimesema mabaya mengi juu yako miaka hii."

"Najua. Niliyasikia."

"Sitayafuta. Lakini nitapunguza."

Siku kumi mambo yalikwenda hivyo. Bomba lilikuwa likikohoa kidogo mara mojamoja, gluku, gluku, ukutani pale lilipoingilia, nikamwambia ni mashine inazoea. Ijumaa, siku mbili kabla ya Marjukka kuja, taa nyekundu ikawaka: mzunguko wa ziwani hautoshi. Mashine ikajizima. Nikaiwasha, ikaenda dakika kumi, ikakohoa, ikajizima tena. Nikafungua skrubu ya kutolea hewa, ikatoa pumzi ndogo, ikanyamaza. Jumamosi nyumba ilishuka mpaka kumi na tisa. Jumapili asubuhi ilikuwa kumi na saba, na nje kulikuwa na upepo wa kaskazini.

Lempi alikuwa amekaa jikoni na kofia ya sufu kichwani. "Imekufa?"

"Inapumzika."

"Nishuke niwashe boila?"

"Usishuke!" nikasema, na nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka.

Akautazama ule ufunguo kwenye msumari, kisha akatazama dirishani, kule ziwani. Afadhali angetukana.

Alipokwenda kubadili nguo za kumpokea binti yake, mimi nikatenda jambo. Kipimajoto kilikuwa kimetundikwa ukutani kando ya mlango. Nikakihamisha, nikakitundika juu ya mashine ya kahawa, pale juu ya kile kisahani chake cha moto. Kikapanda chenyewe bila kulazimishwa.

Marjukka alifika saa saba mchana. Akakaa bila kuvua koti.

"Vua koti, binti yangu," nikamwambia. "Humu kuna nyuzi ishirini na tatu. Tazama mwenyewe."

Akainuka, akakitazama kipimajoto, akaitazama mashine ya kahawa iliyo chini yake. Akakichukua kwa vidole viwili, kama anavyochukua jiwe la mizani lenye shaka, akakiweka katikati ya meza, akakaa na kukunja mikono. Tukakaa wote watatu tukikitazama. Hakuna televisheni niliyowahi kuitazama kwa makini kiasi kile. Kikashuka mpaka kumi na saba kikatulia.

"Mzee Tauno," akasema taratibu, "mwenye duka akinifanyia hivi, namfungia duka."

"Mama, mimi sikujua," Lempi akasema. Alisahau kwamba yeye ndiye mama.

"Najua hukujua." Marjukka akatoa simu akaiweka mezani kando ya kipimajoto. "Basi. Tufunge masanduku. Nilileta matatu, yako kwenye gari."

"Subiri!" nikasema. "Mashine ni nzima. Kosa ni la hauki." Nikawasimulia yote: kilo kumi na tisa, kuvu, jinsi alivyong'ata. "Ametoboa bomba kwa meno. Hewa inaingilia hapo."

"Bomba likitobolewa chini ya maji," Marjukka akasema, "linaingiza hewa?"

Nikapangusa makombo mezani. Makombo hayakuwepo.

"Na wewe ulikuwa wapi hauki akifanya hayo?"

"Kwenye pipa. Wenzangu sita walikwenda kahawa, mimi nikabaki."

Ndipo Lempi alipovua kofia yake ya sufu na kuiweka mezani. "Tauno," akasema, "siku ile nilitoa vikombe vya harusi, vyenye mstari wa dhahabu. Viko kumi na viwili. Mimi huwa nanywea kikombe changu cha kila siku, wageni wakishaondoka. Niliosha vikombe saba."

Mashine ya kahawa ilinyamaza ikanisikiliza.

"Labda Oiva alikunywa mara mbili, akabadili kikombe," nikasema.

"Oiva alikaa kushoto kwangu. Wewe ulikaa kulia. Ulikula mikate mitatu, ukaficha wa nne mfukoni, nikajifanya sioni. Sikujua kwamba kule chini pipa limeachwa peke yake."

Sawa. Nilikwenda. Niende wapi tena? Niliongeza pipa mpaka juu, nikaliambia nisubiri dakika tano, nikapanda. Zikawa ishirini. Niliporudi pipa lilikuwa kavu na pampu ilikuwa inanyonya upepo wa Februari na kuutia ndani ya bomba la Lempi. Nilimimina pipani haraka mchanganyiko uliobaki, bomba likazama, watu wakapiga makofi, na mimi nikainama kuyapokea. Na tangu taa nyekundu iwake Ijumaa nilijua ni nini. Dawa yake niliijua pia: kurudisha pampu ya kujazia na kuusukuma ule mzunguko kwa nguvu mpaka hewa yote itoke. Ila ningeileta, Oiva angeuliza kwa nini, na mtu aliyefunga kumi na moja angeonekana amefunga moja, tena vibaya. Nilikuwa radhi yule mama akatazame maegesho kuliko mimi kuchekwa. Hilo nililisema kwa mdomo wangu, pale mezani, na sikuweka samaki ndani yake.

Marjukka akatazama saa. "Saa saba na nusu. Wale watu wananisubiri mpaka saa kumi na mbili. Mzee Tauno, kazi hiyo inachukua muda gani?"

"Saa tatu. Nne."

"Ni saa tatu, au ni nne?"

"Sijui," nikasema. Nadhani lilikuwa jibu langu la kwanza la kweli mwaka ule, maana alitikisa kichwa kukubali.

Nikampigia Oiva. Nikamwambia sababu. Kwenye simu alicheka kwa muda unaotosha kuchemsha yai, kisha akasema, "Nakuja na pampu." Tukabeba pipa mpaka chumba cha kufulia, tukaunga mipira kwenye vali mbili za mzunguko wa ziwani: pampu inasukuma upande wa kwenda, kinachorudi kinaangukia pipani, hewa inapasuka juu, maji yanakwenda tena. Pipa likachemka mapovu kama sufuria ya ugali wa shayiri. Marjukka alivua koti, akakunja mikono ya sweta, akashika ndoo ya kuongezea. Na pipa halikuachwa hata sekunde moja. Saa tisa kasoro robo Lempi aliita kahawa jikoni; sote watatu tukatazamana, hakuna aliyesogea. Akaileta mwenyewe, kikombe kimoja kimoja, akinipita mimi mara ya kwanza makusudi.

Saa kumi kamili pipa lilikuwa bado linatoa mapovu. Saa kumi na nusu likatoa pumzi moja kubwa, iliyokuwa imejificha sijui kona gani ya ziwa, ikaturushia spiriti usoni. Oiva akalamba midomo akakunja uso. Baada ya hapo maji yakawa kimya, safi, yanazunguka bila hata chembe. Nikafunga vali kwa mpangilio wake, nikapandisha shinikizo, nikabonyeza kitufe.

Ikanguruma. Dakika kumi. Ishirini. Taa ikabaki ya kijani.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano kipimajoto, kikiwa katikati ya meza, kilisema kumi na nane na nusu.

"Haijafika," Lempi akasema kwa sauti ndogo.

"Haijafika," Marjukka akakubali. Akainuka akaweka kiganja kwenye rejeta, akakiondoa upesi kwa jinsi ilivyokuwa ya moto. Akasimama hapo. "Lakini mama, mimi hainiogopeshi baridi. Baridi ningekununulia makoti. Mimi naogopa zile saa mbili. Mashine haitajua kama umeanguka."

Kisha akanigeukia mimi, na nikaona anapima.

"Mzee Tauno. Utalipa."

"Sema tu."

"Kila asubuhi, saa moja kamili, unakuja hapa kwa miguu yako. Unamwona mama kwa macho yako. Unasoma kipimajoto, na unanitumia namba kwa simu. Namba peke yake. Bila upepo, bila mbweha, bila samaki. Namba ikifika, najua mama amesimama. Siku ukiongeza neno, au namba ikiwa ya uongo, unabeba kuni za sauna ya mama, mizigo kumi. Mpaka barafu iyeyuke, na barafu ijayo, na ijayo."

Sauna ya Lempi bado ni ya kuni, bila shaka. Ya umeme tunawaachia watu wa ghorofani.

"Kila siku?" nikauliza. "Namba tupu?"

"Tupu."

Nikampa mkono. Akachukua simu akatoka barazani, tukamsikia akisema asante, hapana, mpeni mwingine. Lempi alikuwa amekaa anatazama dirishani, ambako hakukuwa na la kutazama zaidi ya barafu na kovu la mfereji wetu lililokwisha kuganda. Kisha akanimiminia kahawa.

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Mashine haijakohoa tena. Kila asubuhi saa moja nasukuma sleji mpaka kwa Lempi, namwona amesimama, nasoma, natuma: 21.2. Natuma: 21.4. Hamwezi kujua mateso hayo. Asubuhi moja kulungu alikuwa amesimama barazani anajitazama kwenye kioo cha mlango, na mimi nikatuma 21.1.

Jana lakini palikuwa na theluji ya kufika magotini, na blanketi langu lilikuwa tamu. Nikakaa kitandani nikatuma 21.3, namba nzuri, ya kuaminika, hakuna wa kuitilia shaka. Dakika mbili baadaye simu ikalia.

"Mzee Tauno," Marjukka akasema, "niko jikoni kwa mama tangu jana jioni. Nimeshika kipimajoto. Mama amefungua dirisha kumtoa paka. Ni kumi na tisa na nusu."

Basi nilikuwa pale ghalani kabla ya saa mbili, mikono imejaa kuni za mbetula, ule mti wetu wa gome jeupe, natembea kwenye theluji mpaka sauna na kurudi. Lempi alikuwa amekaa barazani amejifunika mablanketi mawili, kikombe mkononi, anahesabu. Marjukka alikuwa nyuma yake dirishani.

Nikarusha mzigo chini, nikajinyoosha mgongo. "Kumi!" nikasema.

"Nane," Lempi akasema, akanywa kahawa yake.

Nikarudi ghalani kuchukua miwili.